Fundi Aliyeogopa Kimya

Jina la ubatizo alikuwa nalo, ila hata mkewe alilitumia siku za hasira tu. Siku nyingine zote aliitwa Voliumu, na jina lilimkaa. Kati ya Jumatatu na Jumamosi alitengeneza redio na spika katika kibanda cha mabati kando ya barabara. Jumapili alikaa nyuma kabisa kanisani, kwenye meza ya mitambo, vidole juu ya vitufe kama mpishi anayechunga uji usifurike. Kule kibandani redio zote zilizopona zilipiga kwa pamoja, kila moja na kituo chake, ili mteja ajisikilizie mwenyewe kwamba kazi imefanyika. Jirani yake, fundi viatu, alilalamika kwamba amezeeka kabla ya wakati kwa kusikiliza mpira, mahubiri na habari za vifo kwa mkupuo mmoja.

Kwa Voliumu, kimya kilikuwa na maana moja tu: kuna kitu kimeharibika. Waya umekatika, fyuzi imeungua, au lehemu imeachia. Mhubiri akinyamaza kidogo ameze mate, yeye ameshashika waya wa akiba. Mpiga kinanda naye alikuwa na maagizo yake: kati ya wimbo na sala, kati ya sala na matangazo, piga chochote, pengo lisionekane. Watu walimsifu kwa hilo. Wavivu wa mtaa wa pili walisikia ibada nzima bila kutoka kitandani.

Mama yake alihamia kwake baada ya kupata kiharusi. Upande wa kulia ulipooza, na ulimi ukaenda na upande huo. Voliumu hakuweza kuvumilia kumwona mama amelala katika chumba kisicho na sauti. Akamuundia redio kutoka kwenye mabaki ya redio nyingine, akaiweka kwenye kigoda kando ya kitanda, ikawa inaimba kutwa.

"Mama hapendi makelele," mkewe alimwambia mapema kabisa.

"Makelele? Hiyo ni stereo, mke wangu."

Sikio la kufa halisikii dawa. Kila jioni alirudi kutoka kazini, akaketi ukingoni mwa kitanda na kuanza kumwaga maneno: nani kaleta spika iliyoliwa na panya, nani kachukua redio bila kusema ahsante. Kisha alisali, haraka na kwa nguvu, akiuamuru ule ulimi ufunguke. Katikati ya hayo mama alinyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, kuelekea kwenye redio, lakini mkono haukufika.

"Husikii vizuri, eh Mama? Ngoja." Akaongeza sauti.

Mama akageukia ukuta.

Ikawa hivyo jioni baada ya jioni. Akabadilisha kituo, akatafuta kwaya, akaleta spika kubwa zaidi. Ukuta ule ule. Voliumu aliumia, na tusimcheke kwa hili: mtu mzima mwenye watoto anaumia vilevile mama yake akimpa kisogo.

Kilichomchoma zaidi ni mchungaji. Alikuwa mgeni katika usharika, kijana mwembamba mwenye viatu vilivyochoka, na kila Alhamisi alikuja kumwona mama wakati Voliumu yuko kazini. Mkewe alisema siku hizo uso wa mama hung'aa. Alhamisi moja Voliumu alifunga kibanda mapema, akamkuta mchungaji anatoka.

"Mchungaji, huwa mnaongea nini na Mama?"

"Hatuongei, Fundi."

"Mnasali?"

"Tunasali."

"Sasa mnasalije bila kuongea?"

"Tunakaa." Mchungaji alivaa viatu vyake taratibu. "Mama yako anajua kukaa mbele za Mungu. Mimi nimesomea kuongea, kukaa ananifundisha yeye. Njoo siku moja ukae nasi."

Voliumu aliitikia kwa adabu, akaingia ndani, akakuta redio imezimwa. Alidhani umeme umekatika. Akaiwasha.

Wiki hiyohiyo dada yake alipiga simu. Ndiye mkubwa kwao, ameolewa mji mwingine, na akiamua jambo ni kama limeshatiwa muhuri.

"Mdogo wangu, Jumapili mchana nakuja na gari kumchukua Mama. Wewe kutwa uko kwenye redio zako. Na kama anakugeukia ukuta kila ukiingia, ulivyoniambia, huenda hata hakujui tena. Kwangu atapata wa kukaa naye."

Alitaka kukataa. Lakini aliogopa kwamba dada amesema kweli. Kama Mama hamjui tena, atamzuia kwa lipi? Alikata simu akaenda kulehemu redio ambayo haikuwa na ubovu.

Jumapili ikafika. Baada ya wimbo wa pili, Voliumu alikuwa chini ya meza akifuata waya uliolegea, ndiyo maana tangazo lilimpita. Mchungaji alisema kwamba leo, kabla ya maombi, kanisa zima litanyamaza. Hakuna kinanda, hakuna wa kuomba kwa sauti. Tukae tu, Mungu anatujua. Watu wakafumba macho.

Voliumu akaibuka kutoka chini ya meza. Mchungaji amesimama mbele ya maiki, na hakuna kinachosikika! Akasukuma vitufe vyote juu. Spika zikapiga mluzi uliowaamsha watoto wote waliokuwa wamelala, na mzee wa kanisa akadondosha fimbo. Yeye mwenyewe, kwa uaminifu wa kazi yake, akanyakua maiki ya akiba, akapita katikati ya mabenchi akinyata, akaiweka chini ya kidevu cha mchungaji.

Mchungaji akafumbua jicho moja.

"Fundi, haijaharibika."

Kanisa likaangua kicheko. Hata mpiga kinanda alilalia kinanda chake.

"Nenda ukazime," mchungaji alisema, naye akijizuia kucheka.

"Nizime maiki?"

"Zima vyote."

Alirudi nyuma akiwa amelowa jasho la aibu, akazima kimoja kimoja. Alipozima amplifaya kubwa, kuna mvumo ulikoma. Hakuwahi kujua kwamba upo. Miaka yote aliyokaa pale, ulikuwa ukivuma chini ya kila sala, naye aliuita kimya. Sasa alisikia benchi likilia kwa uzito wa mtu, kitoto kikinyonya, pumzi za watu.

Ingependeza kusema kwamba Mungu alimshukia palepale. Hapana. Kwanza aliona aibu, kisha vidole vikamwasha. Lakini kwa kuwa hakukuwa na cha kutengeneza, kumbukumbu moja ikapata nafasi. Alikuwa mdogo, anaamka kabla ya jua, anamkuta mama kwenye kigoda mlango wa nyuma, mikono juu ya mapaja, macho yamefumbwa. Alikuwa anamvuta kanga, "Mama, unaumwa?" Na mama, bila kufumbua macho, alijibu neno moja siku zote, kwake na kwa dada: "Niko na Mungu. Kaa au ondoka, lakini usipige kelele."

Yeye siku zote aliondoka.

Akauona ule mkono wa kushoto, unavyonyooka, usivyofika.

Ibada ilipokwisha hakukunja nyaya. Alikwenda nyumbani karibu kukimbia. Chumbani kwaya ilikuwa imepamba moto. Mama alimwona, akanyoosha mkono. Voliumu hakugusa kitufe. Alikisogeza kigoda, redio na vyote, mpaka vidole vya mama vikafika. Vilitafuta, vikapata, vikazungusha polepole, kwaya ikapungua, ikapungua zaidi, kisha kitufe kikalia tiki.

Mama akashusha pumzi ndefu.

Voliumu akaketi ukingoni mwa kitanda. "Ee Baba, tunakuja mbele zako..." Mama akainua kidole kimoja. Akayameza yaliyobaki, nayo yalikuwa mengi. Akakaa. Aliwaza kuhusu nyaya alizoziacha kanisani, mluzi ule, watakavyomtania kesho kibandani. Goti lilimcheza. Mara mbili mkono wake ulienda kwenye redio wenyewe, akaurudisha. Halafu, hakujua lini hasa, akaacha kupigana. Alisikia pumzi ya mama, kisha yake, na hakuwa na neno lolote la kumwambia Mungu, na haikuonekana kwamba Mungu anadai neno.

Alipofumbua macho, mama alikuwa anamtazama. Alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyerudi baada ya safari ya miaka, kwanza kama kuhakikisha, halafu kwa furaha. Alimjua. Alikuwa anamjua siku zote. Mkono wa kushoto ukashika mkono wake. Voliumu alilia, bila sauti, kwa mara ya kwanza maishani.

Ndivyo dada alivyowakuta. Aliingia na mkoba begani, funguo za gari mkononi, sauti ikiwa imemtangulia.

"Hodi! Mbona kimya hivi, kuna msiba? Redio imekufa? Na wewe unalia nini? Mama, gari li..."

"Dada," Voliumu alimkatiza, polepole, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia. "Kaa au ondoka, lakini usipige kelele."

Dada aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, kisha akaweka mkoba chini, akaweka funguo juu ya redio, akaketi upande wa pili wa kitanda. Na Mama akacheka, kwa ule upande mmoja wa uso uliobaki mzima.