Siku Niliyoiangusha Ndege ya Mdogo Wangu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine husema hivyo kwa kujisifu. Mimi nasema kama mtu anayetaja kabila lake. Cherehani yangu iko sebuleni, hapa Kitaji, Musoma, na wateja wananifuata wenyewe. Sokoni naenda nikiishiwa uzi. Bunda nimefika mara za kuhesabika, na kila mara nilirudi nimechoka kama mtu aliyelivuka ziwa kwa kuogelea. Mdogo wangu wa kiume alikuwaga ananiambia siku yangu ikifika nitakataa hata kubebwa makaburini, nitasema ni mbali.

Yeye alikuwa fundi simu Manyamanyama, kule Bunda. Alipopata kazi Dar es Salaam, tajiri wake mpya akamtumia tiketi ya ndege ya kuondokea Mwanza. Mimi akaniachia TV yake pamoja na gemu lile ambalo mtu anazurura mji mzima atakavyo: unaendesha gari lolote, unagombana na polisi, ukichoka unajitupa baharini. Katika mji ule kuna uwanja wa ndege, na kwenye banda la kwanza la uwanja ule alikuwa ameegesha ndege ya bluu. Aliiiba kwenye kambi ya jeshi, humo humo ndani ya gemu, baada ya kupigwa risasi wiki mbili mfululizo.

"Dada, cheza chochote," aliniambia. "Ila ile ndege usiiguse. Gemu linajisevu lenyewe. Ukiiangusha, ndiyo imeenda."

Sikuwa na mpango wa kuigusa. Mimi nilipenda kuutembea tu uwanja ule. Namwingiza yule mtu wangu ndani, anapita mbele ya masanduku yasiyosogea, anamsogelea dada wa kaunta ambaye siku zote anasema neno lile lile. Ndio uwanja pekee wa ndege niliowahi kuuona kwa ndani, na ulinitosha.

Siku moja kabla ya safari alikwenda Butiama kumuaga mama, akalala huko, akatoka alfajiri kuwahi Mwanza. Mama ana sheria aliyorithi kwa mama yake: mtu akisafiri, nyumba haifagiwi mpaka afike. Ukifagia unafuta nyayo zake. Padri hajawahi kuambiwa jambo hili, na mama haoni kwa nini aambiwe. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kupanda ndege, lakini mama aliamua kwamba sheria inafika mpaka angani.

Saa tano asubuhi nikapata meseji: "Tunapanda. Nazima simu."

Nilikuwa napinda gauni la mteja. Pindo likaenda kombo, nikalifumua, likaenda kombo tena. Nilitaka kujua anafanywa nini huko. Nikajiambia nimpandishe tu yule mtu wangu kwenye ndege, iungurume palepale chini, nione anachokiona mdogo wangu, kisha nizime. Nikawasha. Ikaanza kutembea. Nikatafuta breki kwenye pedi ya gemu, na mtu ambaye hajui hata breki ya baiskeli angeipataje ya ndege? Kitufe nilichobonyeza kikainyanyua. Nikashika kigoda nilichokalia kwa mkono mmoja, nisianguke. Nikageuza kurudi, bawa likapiga mnara wa kuongozea ndege, na kioo chote cha TV kikawa moto.

Pembeni mwa kioo kiduara kidogo kikazunguka mara mbili, kikapotea. Gemu lilikuwa limejisevu.

Nikatazama saa. Saa tano na nusu. Mdogo wangu alikuwa hewani.

Najua gemu ni gemu. Nimemaliza kidato cha nne, na fizikia nilipata D, si haba. Lakini siku ile kidato cha nne kilisema lake na moyo ukasema lake. Saa saba, muda aliosema atakuwa ameshafika, nikapiga simu. Hapatikani. Nikapiga tena na tena. Nikafungua redio, walikuwa wanazungumzia bei ya pamba, nikafurahi, halafu nikawaza kwamba labda hawajapata habari.

Saa nane na nusu akapiga mama. Nikamwambia bado hapatikani. Akanieleza shida yake: jumuiya wanasali kwake saa kumi, na uwanja umejaa majani ya mpera na mavi ya mbuzi. Akauliza, mimi niliyesoma, kama akifagia nje tu bila kugusa ndani kuna ubaya gani.

"Usifagie popote!" nikapaza sauti.

"We mtoto," akasema. "Umefanya nini huko? Umefagia?"

"Hapana mama. Ufagio sijaugusa."

Kweli kabisa, sikuugusa.

"Basi na mimi sifagii. Waje waone uchafu."

Nilipokata simu nilichomoa waya wa TV ukutani, ile ndege ya kweli nayo isije ikaanguka. Gauni la mteja likabaki limening'inia na pindo nusu.

Baadaye mama alinisimulia. Wale kina mama walifika, wakautazama uwanja. Mwenyekiti wao akatandika kitenge chake juu ya majani, akakaa. Mmoja akauliza tu, "Nani yuko njiani?" Akatajiwa, wakamtia kwenye sala. Kuhusu mavi ya mbuzi hakuna aliyesema neno.

Saa kumi na moja kasoro simu yangu ikaita. Mdogo wangu alikuwa amefika tangu mchana. Ndani ya ndege waliambiwa wasizime simu, waziweke tu kwenye hali ya ndege, zisishike mtandao, akaweka, akashuka, akapokelewa, akala, akalala, simu bado inadhani iko angani. Fundi simu huyo. Nilimtukana mpaka akacheka, na mimi machozi yananitoka.

"Dada," akasema, "ndege yangu ipo?"

"Ipo," nikajibu.

Nikampigia mama, nikamwambia afagie. Kabla hajakata nilishausikia ufagio.

Sasa anarudi Krismasi, na tajiri wake amempa tiketi nyingine. Kila jioni nikifunga cherehani naenda kwenye ile kambi ya jeshi ya kwenye gemu kuiba ndege nyingine, wananiulia getini. Juzi mama alikuja kunitembelea, akanikuta nagombana na TV. Nikaona bora niseme yote. Nikamwambia kuna ndege niliiangusha siku ile, na nataka iwe imerudi bandani kabla mtoto wake hajapanda ya kwake.

Nilitegemea atanicheka. Akasogeza kigoda, akakaa karibu yangu, macho kwenye kioo.

"Umebakiza siku ngapi?" akauliza.