Pikipiki Iliyobeba Kaswida

Mnisamehe kwa mwandiko na herufi nitakazokosea, maana shule niliishia ya msingi na mkono wangu ni mzito, lakini aibu hii nikizidi kuinyamazia itanipasua kifua.

Siku ya zafa ya maulidi hapa Bongwe, dadangu Mwanajuma, wa miaka kumi, alikuwa asome kaswida peke yake kwa mara ya kwanza, na bibi yetu alitoka Lunga Lunga kuja kumsikiliza. Ustadhi wa madrasa akaniambia nikaazime betri ya gari ya kuendeshea spika nitakayoifunga kwenye pikipiki. Nami (nisiyesema mbele za watu) nikajibu, "Hakuna haja, ustadhi, pikipiki yangu inajichaji yenyewe." Nilikuwa nimeijaribu jana yake njia ya Ukunda, mbio, spika ikalia mpaka raha.

Sasa zafa haiendi mbio! Ni mwendo wa miguu, watoto mbele, wapiga dufu nyuma, na mimi katikati najikokota kwa gia ya kwanza, huku spika na taa za mapambo nilizofunga mwenyewe zikinyonya betri. Tulipofika sokoni Mwanajuma akashika maikrofoni, akasoma mstari mmoja, spika ikakwaruza, ikanyamaza.

Nikapiga resi. Spika ikafufuka, ila kaswida haisikiki kwa ngurumo ya injini. Nikaachia, sauti ikafa. Nikapiga tena, moshi wote ukaishia kwenye kanzu nyeupe ya ustadhi.

"Kaka, zima!" Mwanajuma akapiga kelele.

"Nikizima haiwaki tena, kiki imevunjika!"

"Basi isiwake!"

Mama muuza viazi akadakia, "Mwanangu, hiyo ni kaswida au mashine ya kusaga mahindi?" Soko zima likacheka.

Nikazima. Mwanajuma akamalizia kwa koo lake, huku analia. Nikamuuliza bibi kama alisikia. "Nilisikia pikipiki, mjukuu wangu."

Fundi niliyempelekea pikipiki naye hakunihurumia: "Kuwaka si kuchaji, wewe! Injini ikienda polepole umeme unaoingia ni kidogo, na ulivyofunga vinakula zaidi."

Sifungi spika tena, wallahi. Nanyi mnaojua niandikieni: betri iliyokauka hivyo hufufuka? Na dada asiyekusemesha siku ya nne sasa, huombwa vipi radhi?