Mwaka wa Kuwasha Taa Bure

Kwa miaka kumi na tisa Suparlan alikuwa fundi wa umeme wa jengo moja la ofisi mjini Surabaya, ghorofa kumi na mbili, na hakuna aliyewahi kumwambia ahsante. Saa za chakula alipita kila ghorofa akizima taa za vyumba vitupu. Viyoyozi alivizima saa tisa na nusu, maana alijua kuta zingeshika ubaridi hadi watu watoke saa kumi na moja. Kwa umeme alikuwa na mkono wa birika.

Kisha ikaja kampuni ya kupunguza matumizi ya umeme. Wangefunga vifaa vya kuzima taa na viyoyozi vyenyewe, na walitabiri kuokoa theluthi nzima. Ila kwanza mita zisomwe mwaka mmoja, wapate pa kulinganishia.

Meneja, Hendarto, akamwita kwa jina lake la kifupi, na "Pak" mbele yake, yaani "Bwana" kwa Kiindonesia. "Pak Parlan, kuanzia leo usizime kitu."

"Hata vyumba vitupu?"

"Hata vitupu. Ukibana hivi, hao jamaa wataokoa nini? Utabiri wao utakuwa aibu, na mimi ndiye niliyewaleta."

"Huu ni uharibifu, Pak."

"Umebakiza miaka mitatu upate kiinua mgongo chako. Wewe soma mita, tia saini, basi."

Akanywea. Mwaka mzima taa ziliwaka bure, naye akipita chini yake mikono mfukoni, roho ikimuuma. Nyumbani akawa mkali hata wali ukibaki kwenye sahani.

Vifaa vikafungwa. Mwaka uliofuata matumizi yakashuka kwa theluthi, yakawa sawasawa na enzi za Suparlan. Ikafanyika sherehe, ukaletwa wali wa manjano uliojengwa mlima, na kilele chake, ambacho hupewa mheshimiwa wa siku, akakatiwa mhandisi wa kampuni. Suparlan alipiga makofi. Wiki ile ile akapewa barua ya kufukuzwa kazi kwa uzembe, bila kiinua mgongo. Huo ni unyang'anyi, sina jina lingine.

Akamwendea meneja. "Pak, si ulinikataza mwenyewe?"

Hendarto akamsogezea karatasi kumi na mbili za mita, moja kwa kila mwezi wa mwaka ule wa kulinganishia. "Saini ya nani hii?"

"Yangu."

"Na hii?"

"Yangu, Pak. Lakini ulisema..."

"Nilisema wapi? Nionyeshe." Aliongea kwa upole, na huo upole ndio uliochoma. "Mwaka mzima uliona umeme ukimwagika, ukaandika, ukatia saini, ukaenda kula. Fundi gani wewe?"

Swali hilohilo Suparlan alikuwa akijiuliza kila siku mwaka ule.