Kiwiko Kilichoonewa Huruma

Kitambaa cha pamba kikichovywa katika maji ya moto na kukamuliwa hutoa harufu yake ya pekee, mvuke uliochanganyika na sabuni ya mche. Nikiisikia harufu hiyo hata leo, kiwiko changu cha kushoto hunivuta, na hasira hunipanda kabla sijakumbuka nimemkasirikia nani. Msinishangae. Hasira hii ina umri mkubwa kuliko wanangu.

Nilikuwa darasa la tatu, kijijini kwetu, si mbali na Laela, nilipoanguka kutoka juu ya mkokoteni wa ng'ombe uliojaa mahindi. Nilikatazwa kupanda, nikapanda. Mkono ukavunjika juu kidogo ya kiwiko, nikapelekwa hospitali mjini Sumbawanga, nikafungwa hogo, lile gamba gumu la plasta. Nilitembea nalo kwa maringo, watoto wenzangu wakiligonga kwa vijiti wasikie linavyolia. Lilipofunguliwa, mkono uliotoka ndani ulikuwa mwembamba, umepauka, unanuka, na kiwiko kimekaza kama bawaba yenye kutu.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitalini, dada mmoja mwenye sauti ya taratibu, alimwelekeza mama la kufanya. Asikande kwa nguvu, asivute. Akipashe kiwiko joto kwa kitambaa, kisha mimi mwenyewe nikunje na kunyoosha, kila siku, hata nikinung'unika.

"Kikizoea kukaa kimejikunja, mama, kitabaki hivyo hivyo," alisema.

Mama aliyabeba maneno hayo kama amri ya Mungu. "Samaki mkunje angali mbichi," aliniambia kila asubuhi, beseni mkononi, baridi ya Ufipa ikitung'ata vidole. Nikagoma, kwa maana kukunja mkono hewani ni kazi ya kijinga mno kwa mtoto. Ndipo alipobuni yake. Alinipigisha magoti mbele ya jiwe la kusagia, akamwaga ulezi kiasi cha kiganja, akaniambia nisukume kwa mikono miwili, polepole, hadi pale nitakapoweza. Yule dada wa hospitali alipoelezwa alicheka, akasema ni vizuri, mradi nisilazimishwe. Nikasaga. Nikalia pia, kwa sauti ya kufika kisimani, maana nilijua wasikilizaji wapo.

Na walisikia. Jumamosi, jumuiya yetu, yaani majirani tuliosali pamoja, ilikutana kwetu, na rozari ilipokwisha hawakuondoka. Aliyeanza ni Mama Leokadia, mama yangu wa ubatizo.

"Mama Pasi, mtoto mgonjwa unamsagisha ulezi? Kwani mashine hamna?"

"Ni mazoezi, dada. Hospitali wamekubali."

"Hospitali gani hiyo inayosagisha watoto?"

Wakaguna wote. Mama alijaribu kueleza, wakamwambia asijitetee mbele ya msalaba. Mbele ya msalaba! Kana kwamba Bwana Yesu mwenyewe alikuwa upande wao. Ikaamuliwa nikakae kwa Mama Leokadia mpaka mfupa ukomae.

Kwake niliishi kama askofu aliyekuja kutoa kipaimara. Nilikunywa maziwa, nikala kuku, mkono ukining'inia kwenye kanga shingoni, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Mama alikuja kila jioni na beseni la maji ya moto, amelifunika kwa sinia yasipoe. Aliishia mlangoni, Mama Leokadia amemzuia.

"Mwache mtoto apumzike, jamani. Una roho gani wewe?"

Nami kule ndani nilijiona nimeokolewa.

Kanga ilipoondolewa, kiwiko kilikuwa kimekwisha kuamua. Tulirudi kwa yule dada mara nyingi, akafanikiwa kukinyoosha nyuzi chache tu. Mkono haujanyooka hadi leo. Siwezi kujitwisha ndoo bila kuita mtu.

Lakini si hilo linalonichoma. Linalonichoma ni hadithi waliyoiacha kijijini, kwamba mama ndiye aliyeniharibu kwa jiwe lake. Nimekua nayo, nikimkasirikia mama. Ilinibidi nimpeleke mwanangu mwenye goti lililoumia kwa mtaalamu, nimwone akipashwa joto na kuambiwa asukume mguu mwenyewe, taratibu, ndipo nielewe mama alikuwa akifanya nini. Pale kwenye benchi hasira yangu ikawahamia majirani.

Krismasi iliyopita, nje ya kanisa, Mama Leokadia, sasa bibi kizee, alinishika mkono mbele ya wanangu. "Bibi yenu alimsagisha huyu ulezi, mkono ukiwa mbichi. Ona sasa." Mama alikuwa kando yetu, akitazama viatu vyake.

"Shikamoo, mama," nilimwambia. "Mkono huu ulipindia kwako."

"Sisi tulikuonea huruma tu, mwanangu."

"Mama yangu alikuwa ananitibu. Mkamfukuza mlangoni."

Watu waligeuka kututazama. Sikujali.

Njiani mama alinigombeza, nimemvunjia mzee heshima siku ya sikukuu. Nikamuuliza kwa nini yeye hakuwahi kuwajibu, miaka yote ile. Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba anyamazaye hana la kusema, kwamba ndiye mkosaji. Sikujua kuwa mtu akiambiwa jambo na wote, kila Jumamosi, na wanaomwambia ni watu wema, mwisho huishiwa la kusema.

Mama alipunguza mwendo.

"Hata mimi," alisema, "nilishaanza kuamini kuwa ni lile jiwe."