Mtaro wa Viboko

Shamba letu la mpunga pale Kibaoni lilipakana na bwawa la viboko. Mmoja wao, jike lenye sikio lililochanika, tulimwita shangazi, maana alikuwa anaingia bila hodi. Mama akikuta nyayo kwenye majaruba asubuhi, anatutania: "Shangazi yenu kapita. Kala, kashiba, wala hajaaga."

Kutoka mtoni mpaka bwawani viboko walikuwa na njia moja. Miaka na miaka walipita humo wakiburuza matumbo, mpaka ikawa mtaro wa kunifika kifuani. Masika maji ya mto yalifuata mtaro huo huo mpaka bwawani, na kambare nyuma yake.

Mimi ndiye niliyeharibu. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, kichwa kimejaa ndoto za baiskeli. Nikasema, "Baba, humu mtaroni tope halikauki. Tuzibe huku na huku, tupande mpunga."

Baba akacheka. "Siku hizi umekuwa bwana shamba?" Lakini jembe alilichukua.

Tukaziba kwa udongo na miba. Jioni mbili shangazi alisimama kwenye ile miba, anatutazama tu. Ya tatu hakuja, na wenzake hatukuwaona tena. Mpunga ulistawi, jamani! Nilivuna huku naimba.

Masika yaliyofuata maji yalipenya kidogo kwenye ile miba, yakagota njiani. Mashina ya mpunga yalikuwa yameshika tope, majani yameota, mtaro umejaa. Kufika Septemba bwawa lilikuwa uji. Tuliokota kambare kwa mikono, kijiji kizima tunacheka.

Wiki ile ile shangazi akarudi. Alikokuwa kulikuwa kumekauka, akaja alikoyajua maji. Akalala kwenye tope, mgongo unapasuka kwa jua. Nikawa nachota kisimani, namrushia kutoka ukingoni, ndoo baada ya ndoo. Akipata maji, anatikisa lile sikio.

"Acha, mwanangu," baba akasema. "Kisima kizima hakimtoshi."

"Si mimi ndiye niliyesema tuzibe?"

"Na mimi ndiye niliyeshika jembe."

Siku ya nne nilimwaga ndoo nzima. Sikio halikutikisika.

Tangu hapo, kila masika yakikaribia, nachimba ule mtaro. Nachimba mpaka viganja vinatoka damu, na mwaka unaofuata nakuta tope limerudi. Maji hayajawahi kupita nusu ya njia. Baiskeli niliipata. Naiegemeza pale ukingoni, nashuka na jembe.