Kahawa Niliyoipeleka Msibani

Jamani, hili jambo ningelificha mpaka kaburini, ila nimechoka kulificha kwa sababu halifichiki tena, kijiji kizima cha Kisawasawa, ukweni kwangu, wanalijua, na juzi mteja mmoja kazini (nafanya kazi ya kupima mpunga kwenye mashine ya kukoboa hapa Ifakara) aliniuliza kama ni mimi yule mkwe wa kahawa, mbele ya watu, basi nikaona afadhali niwasimulie mwenyewe kuliko mwingine awasimulie akiongeza chumvi.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mtu wa kahawa. Watu wengi hapa kwetu ni wa chai, wala siwalaumu, ila mimi kila Jumamosi nakaanga buni zangu nyuma ya nyumba, kwenye kikaango cha zamani, moto mdogo wa mkaa, nageuza na mwiko bila kubanduka mpaka zianze kupasuka na moshi wake uingie kwenye shati, halafu nazipepeta kwenye ungo, nazitwanga kwenye kinu kidogo ambacho mke wangu Sabina haruhusiwi kutwangia kitu kingine chochote (anasema nakipenda kinu kuliko yeye, na mimi sijawahi kubisha). Asubuhi kabla mtu hajaamka nachemsha maji kwenye birika, natia kahawa na kipande cha tangawizi, naiacha itulie, nakaa kwenye kigoda nakunywa vikombe vitatu polepole. Hiyo ndiyo starehe yangu. Nikiikosa, ikifika saa tano kichwa kinagonga mpaka macho yanaona giza.

Basi ukatokea msiba. Alifariki dada yake mama mkwe, bibi mzee sana, na msiba ukawekwa kwa mama mkwe Kisawasawa. Sabina alitangulia. Mimi nilibaki kwa sababu ulikuwa msimu wa mavuno, malori yamepanga foleni, bosi hasikii habari ya msiba wa dada wa mkwe, na kwa hiyo nikakosa mazishi. Hilo peke yake lilikuwa kosa kubwa, maana tangu nimemuoa Sabina, miaka kumi na miwili, mama mkwe ananiona mtu wa kukosekana. Hajawahi kunitukana. Ananiita tu Baba Neema, kwa heshima zote, wakati wakwe zake wengine anawaita wanangu, na mimi hilo lilikuwa linaniuma kuliko nilivyokuwa nakubali.

Siku ya pili nikapata ruhusa. Nimelala kwa muda wa saa nne tu, mwili umechoka, nikawaza kule msibani watu ni wengi, chai itakuwa ya kugombania, nikaona nijiwekee kahawa yangu kwenye chupa ya chai ile ndogo, niizungushie kitenge, niitie kwenye mfuko pamoja na kikombe changu, nikifika nitatafuta upenyo nyuma ya migomba ninywe. Uamuzi mdogo tu jamani. Nikapanda pikipiki nikaondoka.

Sasa mnajua mgeni akifika, mzigo wake unapokelewa. Hata sijashuka vizuri shemeji yangu Flora akaja, shikamoo shemeji, pole na safari, na mfuko ukaondoka mkononi mwangu ukaenda jikoni kwa wanawake. Nilifungua mdomo. Lakini unasemaje, mbele ya waombolezaji, shemeji nirudishie mfuko, humo mna kahawa yangu ya kunywa peke yangu? Nikaenda kukaa kwa wanaume.

Haikupita nusu saa, msemaji wa ukoo akasimama. Akasema wapo watu wanalia kwa sauti na wapo wanaolia kwa vitendo, na kwamba mkwe wetu kutoka Ifakara, pamoja na kazi zake nyingi, amemkumbuka mama mfiwa ambaye hajalala siku mbili, amemletea kahawa aliyoikaanga kwa mikono yake mwenyewe. Watu wakageuka kunitazama. Mama mkwe akatoka mpaka barazani, amejifunga khanga kiunoni, macho yamevimba, akanitafuta kwa macho akasema, "Asante, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Mwanangu. Hapo ndipo ningesimama niseme ukweli, au walau ningeinamisha kichwa ninyamaze, lakini mimi (sijui ni usingizi, sijui ni utamu wa lile neno) nikajibu kwa sauti, "Hiyo ni ya kuanzia tu mama, nyingine ya watu wote inakuja."

Hakukuwa na nyingine. Wazee waliobahatika kuonja wakasema hawajawahi kunywa kahawa kama ile, wakauliza inakuja saa ngapi, nikasema mchana huu huu, na mtu akishasema mchana huu huu anafanyaje? Nikawasha pikipiki nikarudi Ifakara, karibu saa nzima, jua la utosi, kichwa kinagonga kwa sababu kahawa yangu wanakunywa wengine. Nyumbani nikatoa buni zote, akiba yangu ya miezi miwili, nikakaanga sufuria kwa sufuria, nikatwanga zote, na ajabu ni kwamba sikunywa hata tone, nilikuwa nakimbizana na muda. Nikajaza unga wa kahawa kwenye ndoo ndogo, nikaifunga kwenye kiti cha nyuma, nikarudi tena Kisawasawa.

Nilipokaribia nikasikia kicheko. Nikajua watani wamefika, maana msibani wanaoruhusiwa kuchekesha ni watani, na mtani hakasirikiwi, ndiyo mila. Watu wamekaa duara, katikati yuko Mama Tekla, mtani wa ukoo, mama wa makamo mwenye mwili mkubwa, amevaa koti la mwanaume, chupa yangu ya chai ameibana kwapani, mkononi ameshika kikombe changu. Alikuwa ananyata. Anatazama kushoto, anatazama kulia, anageuzia watu mgongo, anajimiminia, anakunywa, anafumba macho, anajifuta mdomo haraka, halafu anageuka na sura ya msiba. Duara zima likaanguka kwa kucheka. Mimi nimesimama na ndoo yangu.

Aliponiona wala hakushtuka. Akainua kikombe juu akaniuliza mbele ya wote, "Mkwe, wafiwa walikuwa wangapi ulipofunga kikombe kimoja?"

Baadaye niliambiwa ilivyokuwa. Wanawake walipokung'uta mfuko ili waoshe vyombo wakakuta kikombe kimoja, wakamuuliza Sabina kama vingine vimesahauliwa, na mke wangu, ambaye hajui kudanganya hata msibani, akasema hicho ni kikombe cha mume wangu, haendi popote bila kahawa yake. Basi. Mama Tekla alikuwa pembeni anamenya vitunguu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka, na yeye alikuwa amecheka, machozi bado yapo mashavuni, wakasema ndiyo mara ya kwanza anacheka tangu dada yake afariki, na nikajaribu kujifariji kwa hilo. Akaniita. Nikaenda nikachuchumaa, nikaweka ndoo mbele yake, nikasema hii ndiyo niliyoahidi. Akafunua, akanusa, akafunika. Watu wakasogea karibu wasikie.

"Baba Neema," akasema taratibu, "hii ya sasa nimeipokea, na asante. Ile ya asubuhi, asante yangu unirudishie."

Nikasema nimerudisha, mama. Akatikisa kichwa kukubali, akaagiza maji yabandikwe, na kahawa ikanywewa na watu wote mpaka jioni, na mimi nikapewa kikombe changu kikiwa kimejaa, nikashindwa kukimaliza.

Akiba yangu iliisha siku hiyo, nikakaa wiki nne bila kahawa, lakini siyo hiyo inayonichosha. Kinachonichosha ni kwamba nilikuwa tayari nimemfikishia ndoo nzima, buni zangu zote, na kama ningeifikisha hiyo tu bila kudanganya kwanza, naamini lile neno ningebaki nalo. Siku hizi nikienda msibani mfuko naukabidhi mwenyewe na kusema kilichomo ndani ni cha nani. Mwezi uliopita mama mkwe alipiga simu, nikapokea mimi, nikamwamkia shikamoo mama. Akaitikia marahaba, Baba Neema, akaomba nimpe Sabina simu.