Babu wa Kota Nzima

Mwaka wa sabini na nne, mtu akifika kwenye kota za polisi kule Makindye na kuuliza nyumba ya Joska, hakutajiwa namba. Aliambiwa afuate harufu ya samaki. Siku sita za juma mama huyu aliteremka ziwani Ggaba kabla jua halijachomoza, akagombana na wauza samaki mpaka wakachoka wao, kisha akapanda kilima na beseni la ngege kichwani. Kufika saa sita mchana kantini yote ilikuwa inanukia, na makoplo waliojifanya wana kazi nyingi ofisini walikuwa wamekwisha kusimama mlangoni na sahani.

Joska alikuwa mjane. Mumewe, Odur, alipuliza tarumbeta katika bendi ya polisi, akafa kwa maradhi ya figo mwaka wa sitini na tisa, akamwachia binti mmoja, Concy, na jina zuri. Wakubwa walimpa mjane kazi ya upishi wa kantini na wakamwacha abaki na chumba chake. Tangu hapo hakumwogopa mtu. Aliwahi kumnyang'anya inspekta mzima sahani kwa sababu amesema chumvi imezidi. Kitu kimoja tu kilimtetemesha, nacho ni karatasi yenye majina ya watu. Ukitaka kumwona Joska anapungua kimo, mwonyeshe orodha.

Naye hakuwa peke yake. Miaka ile, mtu akija na kalamu akauliza jina la baba yako, hukujua jibu lako litalala kwenye meza ya nani.

Sasa Concy alikuwa amepata mchumba. Kijana aliitwa Oryem, fundi wa mabomba ya maji, mpole, na alikula samaki mpaka kichwa, akafyonza na macho. Joska alimpenda kwa hilo kabla hajampenda kwa jingine lolote. Tatizo halikuwa kijana wala binti. Tatizo lilikuwa desturi yetu sisi Waacholi, kwamba kabla ya mazungumzo yoyote ya ndoa, upande wa kijana huchimba ukoo wa msichana hadi wajiridhishe hakuna damu moja. Zamani wazee walitembea boma kwa boma wakiuliza. Mwaka ule nani angetembea? Barabara ya kaskazini ilikuwa na vizuizi kila baada ya maili chache, na mzee aliyeheshimiwa hakutaka kwenda kuvuliwa kofia na askari aliye mdogo kuliko mjukuu wake.

Kwa hiyo kazi ikamwangukia Tarcisio, baba mdogo wa Oryem, karani wa masjala ya polisi. Alikuwa mtu mwema, mrefu, na aliamini faili kuliko alivyoamini macho yake. Miaka tisa alifanya kazi Mbarara, huku mkewe Akot amebaki Makindye na watoto, na aliporudi Odur alikuwa amekwisha kuzikwa, kwa hiyo ukoo wa Odur hakuujua. Jumapili moja alikuja kwa Joska amevaa tai, akakaa, akanywa chai, akatangaza habari njema.

"Mama Concy, usisumbuke. Haina haja ya kwenda mpaka nyumbani. Kule Old Kampala kuko Chama ya Historia. Wao waliandika familia zote za hii kota, mwaka sabini na moja. Kesho kutwa tutaenda mimi na wewe, tutasoma fomu yenu, mambo imekwisha."

Joska akasema ndiyo, ladit, mzee wangu, vizuri sana, na akamwongezea sukari mtu ambaye hakuomba sukari. Moyoni alikuwa ameshakufa.

Fomu ile aliikumbuka vizuri mno. Mwaka wa sabini na moja, miezi mitano baada ya jeshi kushika nchi, alikuja kotani dada mmoja wa Chama, Habibah, na mkoba wa karatasi. Chama chenyewe kilikuwa cha walimu wastaafu na wapenzi wa mambo ya kale, wasio na ubaya na mtu, waliotaka tu kuandika familia za Kampala zilitoka wapi. Habibah akasimama karibu na bomba la maji, mahali ambapo wanawake wote walikuwa wamejipanga na ndoo. Akot, mke wa Tarcisio, alikuwa wa kwanza. Akot hakujua kunong'ona tangu azaliwe. Alitaja kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya kilima kwamba babu ya mume wake ni Okullo, ukoo Pa-Ocira, mkulima, amekufa zamani. Habibah akaandika, akashukuru, na mbingu hazikuanguka.

Baadaye kidogo ikafika zamu ya Joska. Jina la kweli la babu ya Odur lilikuwa Latigo. Lakini Latigo alikuwa pia babu yake Komakech, mdogo wake Odur, aliyekuwa mwanajeshi, na mwezi wa tatu mwaka ule Komakech aliitwa nje ya chumba chake na watu waliokuja kwa gari, akatoka bila viatu, na hakurudi. Joska alifungua mdomo kusema Latigo. Kilichotoka ni Okullo, ukoo Pa-Ocira, mkulima, amekufa zamani. Akabeba ndoo yake akaondoka mbio, maji yakimwagika mgongoni.

Na sasa karatasi ile ingewafanya Concy na Oryem kuwa watoto wa babu mmoja.

Usiku hakulala, na asubuhi akaenda kwa Séraphine, fundi cherehani kutoka Bukavu aliyepanga nyuma ya ukuta wa kota na kuchota maji kwenye bomba lile lile, rafiki yake wa miaka sita. Akamweleza yote. Séraphine alisikiliza huku akishona kola ya shati.

"Sasa nifanye nini?" Joska aliuliza. "Niseme nilidanganya serikali?"

"Ile haikukuwa serikali, mama. Ni bazee ba kusoma vitabu." Séraphine akainama kutafuta uzi ambao haukuwa umekatika. "Miye naona useme tu kweli. Lakini miye usiniulize sana mambo ya ile siku."

Joska hakushangaa. Alikuwa na mashaka yake mwenyewe ya kumtosha.

Chama kilikuwa ghorofani, juu ya duka ambalo wenyewe, Wahindi, walikwisha kuondoka nchini miaka miwili nyuma na kuacha rafu tupu na harufu ya bizari. Habibah aliwakaribisha kwa furaha ya mtu ambaye hatembelewi. Tarcisio aliomba maji, akanawa mikono kama anakwenda kula, akafuta kwa leso, ndipo akakaa mbele ya sanduku la fomu. Fomu ya nyumba ya Odur ikatoka. Akavaa miwani. Joska alimtazama anavyosoma kwa kidole, mstari kwa mstari, na akaona kidole kinasimama.

"Okullo," alisema Tarcisio. Akavua miwani, akaivaa tena. "Pa-Ocira. Mama Concy, huyu ni babu yangu mimi."

"Ladit, ngoja..."

"Hawa watoto ni ndugu. Pole sana. Hii ndoa hakuna."

Alisema kwa huzuni ya kweli, maana alimpenda Concy, na huzuni hiyo ilimchoma Joska kuliko hasira. Akaeleza. Alieleza haraka, vibaya, kwa kurukaruka: bomba, ndoo, woga, mdomo uliotoa jina lisilo lake. Tarcisio alisikiliza hadi mwisho kisha akatikisa kichwa.

"Mimi naweza kukuamini namna gani? Leo wewe unataka mtoto yako aolewe. Ile siku ulikuwa hautaki kitu. Mimi nikiwa na maneno mbili, moja ya siku mtu hana haja, na moja ya siku ana haja, nitachukua gani?"

Hapo, niseme kweli, mzee alikuwa na hoja. Ukiwa karani miaka ishirini na tatu unajua watu hubadilisha maelezo yao siku wanapohitaji kitu. Joska angemtaja Akot kuwa shahidi, lakini Akot alikuwa kaskazini akimuuguza mama yake, na hata angekuwepo, angeapia babu ya mumewe tu. Joska akaona harusi ya binti yake inafungwa ndani ya sanduku la bati, na aibu ikamgeukia kuwa hasira, ile hasira ya kunyang'anya inspekta sahani.

"Dada Habibah! Leta zote."

"Zote gani, mama?"

"Fomu za kota. Kama mimi niliogopa, unafikiri ni mimi peke yangu? Leta!"

Habibah akasita. Familia za watu hazisomwi ovyo, alisema, ni sheria ya Chama.

"Usisome majina yao. Soma babu tu."

Habibah akamtazama Tarcisio, na Tarcisio, ambaye sheria za faili alizijua na hakuona iliyovunjwa, akakubali kwa kichwa. Habibah akachukua fomu ya kwanza. "Okullo," akasoma. Hiyo ilikuwa ya Akot, hakuna neno. Akachukua ya pili. "Okullo." Ya tatu. "Okullo, Pa-Ocira, mkulima, amekufa zamani." Ya nne alianza kusoma polepole. Kufika ya tisa sauti yake ilikuwa inatetemeka, na si kwa woga. Kulikuwa na mtu mmoja wa kabila la Lango, Mteso mmoja, na koplo mmoja kutoka pembe ya magharibi kabisa, wote wameota kwenye shina la marehemu Okullo. Fomu zilikuwa thelathini na moja. Wajukuu wa Okullo walikuwa ishirini na sita.

"Lakini dada, wewe uliandika kwa mkono yako," alisema Tarcisio kwa sauti ndogo. "Hukuona?"

"Mimi pia nilikuwa naogopa, mzee. Kusimama pale na karatasi, watu wananiangalia! Niliona wananijibu haraka haraka, nikafurahi, nikasema leo nitamaliza mapema." Akashika fomu ya mwisho, akaisoma kimya, akaiweka usoni kama pepeo. "Hii lazima nisome jina, mnisamehe. Séraphine. Fundi cherehani. Kuzaliwa Bukavu, Kongo. Babu, Okullo."

Mabega ya Tarcisio yakaanza kutikisika. Joska alidhani analia, akainuka amsaidie, kumbe mzee anacheka, anacheka bila sauti, machozi yanamchuruzika hadi kwenye tai. "Babu yangu," alisema alipopata pumzi. "Babu yangu alikuwa hajavuka hata Nile! Amezaa mpaka Bukavu!" Hapo wote watatu wakashindwa. Habibah alilalia sanduku. Joska alicheka mpaka mbavu zikauma, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili alihisi njaa.

Kicheko kilipoisha, Tarcisio alifuta miwani.

"Basi karatasi imekataa. Imebaki mdomo. Sasa niambie, babu ya Odur ni nani?"

Chini barabarani gari lilipita, na Joska akangoja lipite lote. Habibah, bila kuambiwa, akaweka kalamu ndani ya droo.

"Odur ni mtoto ya Odoki," alisema Joska. "Odoki ni mtoto ya Latigo. Ukoo Pa-Latigo. Na Odoki alizaa watoto wawili. Odur, na Komakech." Jina la mwisho lilikuwa halijapita mdomoni mwake kwa miaka mitatu, na alipolisema lilitoka dogo mno, akalisema tena ili lisikike. "Komakech. Alikuwa mwanajeshi. Walimchukua."

Tarcisio akainamisha kichwa. Halafu akaanza kuhesabu kwa vidole, upande wake na upande wa Joska, kizazi kwa kizazi, wanaume na mama zao, akiuliza na kujibiwa, mpaka vidole vikaisha. Hakuna mahali walipokutana.

"Hakuna damu," alisema. "Concy ni mke yetu."

Joska alijifunika uso na kanga. Alifurahi, na katikati ya furaha ile alikuwa na kilio cha miaka mitatu, akakiacha kitoke.

"Mzee, nirekebishe fomu?" aliuliza Habibah.

Karani wa miaka ishirini na tatu aliweka kiganja chake juu ya karatasi. "Hapana. Acha Okullo awalinde hawa watu. Mimi nimesikia, inatosha." Akamgeukia Joska. "Lakini iko kitu moja. Siku tutakuja kwenu, sisi desturi yetu tunasimama mlangoni, tunaita wanaume ya nyumba kwa majina, watufungulie. Odur amekufa, tunajua, alizikwa. Huyu Komakech hakuna mtu alizika. Tutamuita. Tutangoja kidogo. Kama hajajibu, wewe utatufungulia."

Joska aliteremsha kanga.

"Basi muite kwa nguvu," alisema. "Sikio yake ya kushoto ilikuwa haisikii vizuri."